Mechi saba za Rees Odhiambo, mlinzi wa upande usioonekana

GATSATA, KIGALI – Barabara iendayo Gatuna ikishaiacha Nyabugogo huingia Gatsata, na hapo mgeni hana haja ya kuuliza watu wanaishi kwa kazi gani. Ni gereji baada ya gereji, injini zilizofunguliwa, milango ya Corolla iliyoegemezwa ukutani, na maduka ya spea ambayo mfanyabiashara wa Kampala au Bukavu anayajua kuliko hoteli za mjini. Miongoni mwa mafundi walio chini ya magari si ajabu kuona jezi ya aina yake: pana mabegani kama pazia, mikono mifupi, namba kubwa mgongoni, 64, 70 au 76. Si ya Arsenal wala ya APR. Ni ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira ulio kama yai, na imefika hapa ndani ya robota la caguwa, mitumba kama wanavyoiita jirani.

Jezi hiyo imepita njia ndefu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Washington ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo zinazoshonwa Rwanda. Kenya, Uganda na Tanzania zilikwisha kurudi nyuma katika mpango huo wa pamoja, Kigali haikurudi. Ndiyo maana siku hizi jezi pana ya namba 70 haiokotwi kwa bei ya zamani.

Fundi huipenda kwa sababu inapita juu ya ovaroli bila kubana, na namba haimshughulishi. Lakini katika ligi ya Marekani, NFL, namba ni kama pleti ya gari: inaeleza chombo ni cha aina gani. Mchezaji wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia huvaa namba kati ya 50 na 79, na mwenye namba hiyo haruhusiwi kupokea pasi mpaka kwanza ajitangaze kwa mwamuzi. Anaweza kucheza miaka kumi bila kuushika mpira. Ameajiriwa kuzuia.

Kati ya mwaka 2016 na 2018, namba 70 ya Seattle Seahawks ilivaliwa na mtu aliyezaliwa Nairobi. Jina lake ni Rees Odhiambo, urefu sentimita 193, uzito kilo 140 na ushee. Kwa mechi saba za mwanzo wa msimu wa 2017 alisimama mahali ambapo timu nyingi za Marekani humweka mtu ghali kuliko wote baada ya nahodha wao. Wengi wa Afrika Mashariki hawakujua.

Kazi yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Timu huwa na watu 11 uwanjani. Inaposhambulia, watano hujipanga mstari mmoja mbele ya mrusha mpira, anayeitwa kwotabaki. Mpira ukianza, kwotabaki ana takriban sekunde tatu za kutazama, kuchagua na kurusha. Wavamizi wa upande wa pili, watu wenye mbio na kilo zaidi ya 110, wanataka kumwangusha kabla hajafanya hivyo. Wazuiaji watano ndio walio katikati. Wakifaulu, kamera inamfuata mrusha na mdakaji. Wakishindwa, kamera inawarudia wao, polepole, mara tatu.

Miongoni mwa hao watano, wa mwisho upande wa kushoto ana mzigo wake. Kwotabaki anayetumia mkono wa kulia husimama ubavu akijiandaa kurusha, kifua kikielekea kulia, mgongo kushoto. Anayetokea kushoto hamwoni. Novemba 18, 1985, mbele ya kamera za televisheni usiku wa Jumatatu, Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangukia Joe Theismann wa Washington na mguu wa Theismann ukavunjika vibaya. Hakucheza tena. Wachezaji walipopata uhuru wa kuuza kazi yao kwa timu yoyote mwaka 1993, bei ya mzuiaji wa kushoto ilipanda kwa kasi iliyowashangaza hata wenye timu. Mwandishi Michael Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu nafasi hiyo, alieleza sababu kwa lugha ambayo mfanyabiashara wa mpakani haihitaji kutafsiriwa: mzuiaji wa kushoto ni bima. Ukiwa na mali ya bei mbaya, hulipii tu mali. Unalipia na kinachoilinda.

Dereva anayetoka Gatsata na lori kwenda Mombasa hununua Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari inayotambulika nje ya nchi aliyosajili gari. Hulipa akiomba Mungu asije akaihitaji. Safari ikiisha salama hakuna anayeisifu kadi.

Seattle waliamua kubana kwenye bima. Walikuwa na sababu. Julai 2015 walimwongezea kwotabaki wao, Russell Wilson, mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 87.6, na walikuwa na walinzi wa nyuma waliolipwa vizuri, waliowafikisha fainali mbili mfululizo, ya Februari 2014 waliyoshinda na ya Februari 2015 waliyopoteza. Pesa ina kikomo, kwa kuwa NFL huiwekea kila timu kiwango cha juu cha mishahara. Kilichobaki kiliangukia mstari wa mbele, ambao ulikuwa miongoni mwa mistari iliyolipwa kidogo kabisa katika ligi. Hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Yeyote aliyewahi kuvusha mzigo wa thamani kwa bima ya chini kabisa anajua kwamba mara nyingi mtu huvuka. Ila mwaka 2016 Wilson aliangushwa akiwa na mpira mara 41, akaumia kifundo cha mguu katika mechi ya kwanza na goti katika ya tatu.

Ni katika mwaka huo ndipo Odhiambo alipofika. Alizaliwa Nairobi Septemba 1992. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na familia ikahamia Texas, katika mji wa Mansfield. Mama naye akafariki Rees akiwa kijana wa sekondari. Mpira wa Kimarekani, mchezo ambao hakuzaliwa nao, ulimpatia nafasi katika Chuo Kikuu cha Boise State, jimbo la Idaho, na huko akawa mzuiaji wa kushoto. Wapelelezi wa timu za kulipwa walimpenda kwa miguu myepesi na mikono yenye nguvu. Kilichowatia shaka ni jambo moja: karibu kila msimu alikosa mechi kwa majeraha. Bidhaa nzuri, kifungashio kimechanika. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa Aprili 2016 Seattle walimchukua katika raundi ya tatu, akiwa wa 97 kati ya wote.

Wa 97 si mbaya hata kidogo. Kila mwaka maelfu hutoka vyuoni na timu 32 huchagua watu 250 hivi. Lakini mshahara wa mteule mpya haujadiliwi sana. Unafuata ngazi iliyopangwa kwa namba aliyochaguliwa, na kwa miaka mitatu ya kwanza hana ruhusa ya kuomba mkataba mpya.

Jina lake lilitajwa kwa mara ya kwanza nchi nzima kwa bahati mbaya. Januari 14, 2017, katika hatua ya robo fainali ya ligi mjini Atlanta, mzuiaji mwenzake aliumia na Odhiambo akaingizwa upande wa kulia, ambao haukuwa wake. Seattle walikuwa mbele 10–7. Mkimbiaji wao Devin Hester alirudisha mpira mbali sana, shangwe zikaanza, kisha mwamuzi akaifuta mbio hiyo kwa kosa la mchezaji mwingine na Seattle wakasogezwa karibu na mstari wao wa mwisho. Mpira ulipoanza, Odhiambo alisukumwa, akarudi hatua moja nyuma, na mguu wake ukatua juu ya mguu wa Wilson. Kwotabaki akaanguka ndani ya eneo lake mwenyewe. Hilo ni pointi mbili kwa wapinzani pamoja na mpira. Ikawa 10–9, na Atlanta hawakutazama nyuma: walimaliza 36–20.

Picha ya mguu ule ilizunguka kwa siku kadhaa. Aliyeirudisha timu nyuma kwa kosa la kushika hakutajwa sana, wala aliyemsukuma Odhiambo, wala waliopanga mstari wote kwa bei ya jioni sokoni. Ndivyo ilivyo kazi hii: haina takwimu ya mazuri. Mdakaji huhesabiwa yadi, mrusha huhesabiwa pasi, mzuiaji huhesabiwa makosa.

Agosti 2017, katika mechi ya maandalizi, aliyekuwa mzuiaji wa kushoto wa Seattle, George Fant, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Fant mwenyewe alikuwa mcheza kikapu wa chuo aliyegeuzwa; hiyo inaonyesha Seattle walikuwa wanatafuta bima mahali gani. Nafasi ikawa ya Odhiambo. Mwaka huo kima cha chini cha mshahara kwa mchezaji mpya wa NFL kilikuwa dola 465,000, na ngazi ya mteule wa raundi ya tatu haikuwa mbali na hapo. Nyuma ya mgongo wake alisimama mtu wa dola milioni 87.6.

Alianza mechi saba mfululizo: Green Bay, San Francisco, Tennessee, Indianapolis, Los Angeles Rams, New York Giants na Houston. Ile ya Indianapolis, Oktoba 1, ndiyo inayostahili kusimuliwa. Seattle walishinda 46–18. Katikati ya mechi Odhiambo aligongwa kifuani kwa nguvu, akaendelea kucheza mpaka mwisho. Baada ya mechi akapata shida ya kupumua na akakimbizwa hospitali. Mfupa wa kidari ulikuwa umeumia. Alilala huko, akaruhusiwa. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye mstari tena dhidi ya Rams, na Seattle wakashinda 16–10.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alirudi haraka vile. Jibu lipo katika mkataba. Wakati ule mchezaji wa NFL alilipwa kwa wiki za msimu, wiki 17, na kima cha chini kilichogawanywa hivyo kilikuwa dola 27,000 na ushee kwa wiki. Sehemu kubwa ya mikataba ya wachezaji wa kawaida haina dhamana: timu ikikuachia Jumanne, wiki zilizobaki zinafutika, isipokuwa kile kilichoandikwa kwamba ni lazima kilipwe. Anayeumia hulindwa kwa kiasi, lakini anayeumia pia hufungua mlango kwa mwingine, na Odhiambo alijua mlango hufunguliwaje kwa sababu yeye mwenyewe alipitia hapo. Atakayeshuka hadi kikosi cha mazoezi alipata, mwaka 2017, dola 7,200 kwa wiki kama kima cha chini. Pensheni ya ligi hutaka misimu mitatu inayohesabika.

Makato nayo yangemfurahisha mtu wa forodha. Wakala huchukua hadi asilimia 3. Serikali kuu ya Marekani ina yake. Kisha yapo majimbo: Washington, ambako Seattle ipo, halikatwi mshahara kodi ya mapato, lakini mchezaji akienda kucheza California hutozwa na California kwa siku alizofanya kazi huko, akienda New Jersey hutozwa huko. Nchi moja, sarafu moja, na bado kila safari ina karatasi zake.

Mechi ya saba ilichezwa Seattle Oktoba 29, dhidi ya Houston Texans. Ilikuwa ya mabao mengi na Seattle walishinda 41–38. Upande wa Houston, mzuiaji wa kushoto alikuwa Duane Brown, mkongwe aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi baada ya kugoma kwa ajili ya mkataba. Makocha wa Seattle walimtazama kwa saa tatu, uwanjani kwao, bila nauli. Kesho yake, Oktoba 30, wakamnunua.

Mapatano yenyewe yalivunjika mara moja kabla ya kukamilika. Seattle walikuwa wamewapa Houston mlinzi wa nyuma, Jeremy Lane, pamoja na nafasi mbili za uteuzi wa miaka inayofuata. Lane alifika Houston, akapimwa afya, akakataliwa. Kama shehena iliyorudishwa na watu wa viwango, alipanda ndege kurudi Seattle, na bei ikapangwa upya: Houston wakapata nafasi ya raundi ya tatu ya 2018 na ya raundi ya pili ya 2019, wakatoa Brown na nafasi ya raundi ya tano. Angalia nafasi hiyo ya raundi ya tatu. Odhiambo mwenyewe alikuwa wa raundi ya tatu. Seattle waliongeza ya pili juu yake ili kupata walichojaribu kukipata kwa bei nafuu mwaka uliotangulia.

Hakuna aliyemtuhumu Odhiambo kwa uvivu. Alikuwa na miaka 25, msimu wa pili, mwili ambao haujawahi kumaliza mwaka mzima mzima, kwenye nafasi ambayo timu nyingine huijaza na mtu wa miaka kumi ya kazi. Mkono ulimuumia, akawekwa kando mwaka 2017 ungali haujaisha, na mwaka 2018 Seattle wakamwachia. Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa maisha ya mchezaji wa NFL kuwa miaka mitatu na kidogo. Ligi huipinga hesabu hiyo, ikisema anayefaulu kuingia kikosi cha kwanza hudumu zaidi. Kwa Odhiambo, hesabu ya chama ilikuwa karibu na ukweli.

Na kuna gharama inayokuja baadaye. Mike Webster alikuwa mzuiaji wa katikati wa Pittsburgh Steelers, bingwa mara nne, misimu 17 kuanzia 1974. Alikufa Septemba 2002 akiwa na miaka 50, akili imevurugika, kwa vipindi akilala ndani ya gari. Aliyemfanyia uchunguzi maiti yake alikuwa daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliyekata shauri kuutazama ubongo ambao kwa macho ulionekana mzima. Alichokiona, uharibifu unaotokana na vichwa kugongwa tena na tena, alikichapisha mwaka 2005, na ligi ikamkatalia kwa miaka. Mwishoni ilikubali suluhu mahakamani iliyoidhinishwa 2015, na zaidi ya dola bilioni 1 zimelipwa kwa wachezaji wastaafu na familia zao. Mzuiaji hagongwi mara moja kwa kishindo kama mdakaji. Hugongwa kidogo kidogo, karibu kila mpira unapoanza.

Mambo haya yanahusu ukanda huu kwa sababu NFL sasa inakuja yenyewe. Zamani watu wetu waliingia kwa njia za kubahatisha. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda aliyetoweka mwaka 1972 chini ya Idi Amin, alizaliwa Marekani na kuwa mvamizi wa New York Giants. Ana mataji mawili. Daniel Adongo wa Kenya alichukuliwa kutoka raga na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kupata mechi chache tu. Mwaka 2022 ligi ilifanya kambi yake ya kwanza ya Afrika nchini Ghana, na Aprili 2023 ikafika Nairobi. Wanatafuta vijana warefu wenye mbio, na hasa warefu wenye uzito, kwa sababu hao hawapatikani kwa kufundishwa.

Mfano wanaoutaja ni Jordan Mailata, Mwaustralia aliyecheza raga. Aliingia kupitia mpango wa ligi wa wachezaji wa nje, akachaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 akiwa wa 233, bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Ni mzuiaji wa kushoto. Mwaka 2024 alisaini nyongeza ya miaka mitatu ya dola milioni 66, na Februari 2025 akatwaa ubingwa. Ni mfano wa kweli. Lakini mzazi wa Kisumu au Rubavu anayeonyeshwa picha ya Mailata ana haki ya kuonyeshwa na ya Odhiambo, aliyechaguliwa mbele kwa nafasi 136, na aliyeujua mchezo kabla ya kufika kwenye ligi.

Kwa sasa kinachofundishwa zaidi kwa watoto ni aina nyingine ya mchezo, ile ya bendera, ambayo itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Timu ina watu watano. Mchezaji huvaa mkanda wenye vitambaa viwili kiunoni, na kumsimamisha ni kukivuta kimoja. Hakuna kofia ngumu, hakuna kuangushana, na kuzuia kwa mwili ni kosa. Yule anayeanzisha mpira katikati anaruhusiwa kukimbia na kupokea pasi kama mwingine yeyote. Kijana mpana wa kilo 140 hana pa kusimama humo, wala jezi kama zile za Gatsata hazina wa kuzivaa.